Matokeo ya Shule ya Kata Yasomwe Pamoja na Orodha ya Watoto Wake

Ukifungua ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne wa shule yoyote katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, jambo la kwanza utakalokutana nalo ni jedwali dogo lenye mistari mitatu, F, M na T, yaani wasichana, wavulana na jumla, na mbele yake safu za daraja la kwanza hadi la nne na sifuri. Chini yake hufuata namba za watahiniwa, jinsi, pointi, daraja na alama za kila somo. Katika yote yanayoweza kusemwa juu ya kijana aliyesoma miaka minne, ukurasa huo umebakiza herufi moja tu ya jinsi yake. Hausemi aliingia kidato cha kwanza na alama gani za darasa la saba, anatoka umbali gani, anaishi na nani, wala ni wenzake wangapi walioanza naye lakini hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Ninafundisha katika shule ya sekondari ya kata, na kila matokeo yanapotangazwa huona namna ukurasa huo unavyotumika. Asilimia ya ufaulu inachukuliwa, inawekwa mbele ya asilimia ya shule nyingine, na hukumu inatolewa papo hapo: walimu wa kule wanafanya kazi, wa huku wanazembea. Sipingi walimu kuulizwa. Ninachopinga ni kuulizwa kwa kipimo kisichojua kimempima nani.

Hata neno "amefaulu" lina upana ambao wazazi wengi hawajaelezwa. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Kijana mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, na pointi 33 ni daraja la nne, hivyo anahesabiwa miongoni mwa waliofaulu pamoja na mwenye pointi 7. D yenyewe inaanzia alama 30 kwa mia. Shule mbili zinaweza kutangaza ufaulu uleule huku moja ikiwa imejaza daraja la kwanza na la pili, na nyingine ikiwa imejaza vijana waliookolewa na Kiswahili na Uraia.

Tofauti huanza kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Baada ya mtihani wa darasa la saba, waliopata alama za juu kabisa hupangwa katika shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Wengine huenda shule za ufundi na za bweni. Wanaobaki hupangwa shule za kutwa za kata zao. Shule nyingi binafsi nazo hufanya usaili wao na kuchukua wanaowataka. Shule ya kata haichagui. Humpokea aliyefaulu kwa shida, binti anayelelewa na bibi, mwenye uoni hafifu ambaye hajawahi kupimwa macho, na kijana ambaye kusoma kwake kwenyewe bado kunasuasua. Ninaamini kwa dhati kwamba huko ndiko kuwa shule ya umma, na sitaki tubadilike.

Historia yetu ya karibuni inaonyesha hatari ya kusahau jambo hili. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka michache shule zilijengwa karibu katika kila kata, nyingi kwa nguvu za wananchi wenyewe. Watoto ambao awali wangeishia darasa la saba wakapata nafasi, ila wakaingia katika madarasa yasiyo na maabara, yenye vitabu vya kugombania na walimu wachache wa Hisabati na Sayansi. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na baadaye matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Lakini vijana wale, walioanza kidato cha kwanza mwaka 2009 katikati ya upanuzi ule, hawakuwa kundi lilelile lililofanya mtihani miaka kumi kabla. Tulipanua mlango bila kupanua kilichomo ndani, kisha tukawashangaa walioingia.

Lugha ni sehemu ya mzigo huo. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili hupewa wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha Biolojia, Jiografia na Historia zote humjia kwa lugha hiyo. Aliyetoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza ameshavuka kizingiti ambacho mwenzake ndiyo kwanza anakiona. Wapo wanafunzi wangu ambao wakieleza usanisinuru kwa Kiswahili hawakosei hatua hata moja, lakini karatasi ya mtihani huwarudishia F.

Kisha kuna mahudhurio. Daftari la kidato cha pili kwa siku ya mnada limejaa alama za kutokuwepo, na majina ni yaleyale wiki baada ya wiki: anayeuza maandazi ya mama yake, anayeswaga mbuzi wa jirani kwa ujira, anayebaki na wadogo zake. Katika msimu wa kulima, idadi huongezeka. Tangu waraka wa elimu bila ada uanze kutekelezwa Januari 2016, ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka haipo tena, na nimeona watoto waliorudi kwa sababu hiyo. Ila sare, daftari na makande ya mchana bado vina bei. Anayetoweka kabisa huandikwa kuwa ameacha kwa utoro, na utoro ndio sababu inayoongoza katika takwimu za taifa za walioacha shule. Safu hiyo inahifadhi tendo la mtoto na kuficha kilichomsukuma.

Wanaonisikitisha kuliko wote ni wasichana wanaotoka vijiji vya mbali. Wazazi huwapangia chumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto, na binti wa miaka 15 hubaki humo na ndoo, jiko na gunia la unga, bila mtu mzima. Baadhi yao hupata mimba. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurejea baada ya kujifungua, uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote, lakini anayerejea anahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Hosteli moja ya wasichana ingebadilisha matokeo ya shule kama yetu kuliko mitihani ya majaribio ya kila mwezi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Ilikuwa hatua njema, ingawa magari ya matangazo na mabango ya shule yameendelea na orodha zao.

Tuseme shule mbili zilisajili wanafunzi 150 kila moja. Ya kwanza ikafikisha 140 kwenye mtihani, wakafaulu 112, ambao ni asilimia 80. Ya pili ikafikisha 80, wakafaulu 72, ambao ni asilimia 90. Kwenye bango ya pili imeshinda, lakini imepoteza watoto 70 njiani, na hakuna aliyeuliza walikwenda wapi. Naomba ukurasa wa matokeo uongezewe mambo mawili: wastani wa alama za darasa la saba za kundi lile, na idadi ya walioanza kidato cha kwanza pamoja nao. Takwimu zote mbili serikali inazo tayari, kwani mtihani wa darasa la saba husimamiwa na Baraza hilohilo na usajili hupitia TAMISEMI, ofisi ya serikali ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hadi hapo, katika kikao kijacho cha wazazi nitaomba mkuu wa shule anipe nafasi nizibandike namba hizo ukutani, kando ya asilimia ya ufaulu, kila mzazi azisome.