Filimbi ya babu

Leo mvua imetufungia ndani hapa Tororo, watoto wakaomba wafunguliwe sanduku la bati la babu yao.

Wao wamezoea mzee wa fimbo na redio. Hawakujua kwamba alikuwa gadi wa treni, safari za Kampala hadi Kasese, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977.

Ndani: picha mbili, taa iliyoota kutu, bendera ya kijani iliyochujuka penye mikunjo. Na filimbi.

Kijana wangu wa miaka saba akaipuliza.

Jamani, baba akainuka. Bila fimbo! Akaichukua bendera, akanyoosha mkono juu, akageuza shingo kutazama nyuma kama anayehesabu mabehewa. Mkono ulitetemeka lakini hakuushusha.

"Babu, treni imeondoka?" binti yangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Bado, mjukuu wangu. Kuna mama ana mtoto mgongoni, anakuja mbio. Tumngoje."

Nilitoka barazani nikalia. Miaka arobaini na mzee huyu, na yule kijana wa treni sijawahi kumwona.

Wenzangu, wazee wenu wamehifadhi nini masandukuni? Hebu nisimulieni.