Kokoto arobaini

Baridi ya Monduli mwezi wa Julai haina adabu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye joto la mashamba ya mkonge, na kabla sijawa ofisa mwanafunzi wa jeshi huko sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kushindwa kufunga kamba za buti kwa sababu vidole vimekataa tu.

Kwenye zoezi la medani ukamanda ulikuwa wa zamu. Jioni mkufunzi anasoma jina, na kuanzia hapo kwa saa 24 wewe ndiye kamanda wa platuni. Watu unaolala nao bweni moja, wanaojua unavyokoroma, wanaanza kukuita afande, nusu kwa heshima, nusu kwa kukusanifu. Zamu yangu iliangukia siku ya tatu, ambayo hakuna aliyeitaka, maana ndiyo ilikuwa na mwendo wa usiku na shambulizi la alfajiri, na usingizi wote tuliokuwa tumeupata tangu tutoke kambini haukufika hata saa nane.

Kwenye ramani kazi ilikuwa nyepesi. Tutoke maficho yetu mbugani, upande wa barabara ya Makuyuni, twende kaskazini moja kwa moja kilomita nne hadi kwenye korongo kavu lenye migunga mitatu. Tujipange humo, na saa kumi na moja alfajiri tumvamie adui kilimani. Adui wenyewe walikuwa wenzetu wa kombania nyingine, wenye risasi baridi, za mlio tu, kama sisi. Nilifinyanga mfano wa ardhi kwa udongo na vijiti, nikatoa amri bila kugugumia, mkufunzi akaitikia kwa kichwa na kuandika kitu kwenye kijitabu chake. Nikajiona jenerali.

Usiku mbugani macho hayakusaidii sana. Unategemea dira na mtu wa kuhesabu hatua. Wetu alikuwa kijana wa Kondoa, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Alishajipima: mita mia moja kwake ni hatua 124 kwenye tambarare. Kila akizimaliza, anatoa kokoto moja mfuko wa kushoto wa kombati anaitia wa kulia. Kilomita nne, kokoto arobaini.

Dira niliishika mwenyewe. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba sindano haitulii, inacheza kama samaki kwenye beseni. Ndipo nikapata akili. SMG, bunduki yangu, ilikuwa imelala kifuani kwa mkanda wake. Nikaegemeza dira juu yake. Ikatulia tuli. Nikasoma, nikanyoosha mkono, tukaondoka. Kila tuliposimama nikafanya vilevile, nikishangaa kwa nini wengine hawajagundua mbinu hii.

Tulipokwenda kama kilomita moja hivi, yule kijana akanisogelea, akaninong'oneza sikioni.

"Afande, mwanga wa Arusha ulikuwa begani kulia. Sasa unakuja usoni."

Ni kweli, mashariki kulikuwa na wekundu hafifu chini ya mawingu, taa za mji. Kuhakikisha kungetuchukua dakika tano: tujifunike koti la mvua, tuwashe kurunzi, tuitazame ramani. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu thelathini, na sikutaka waone kamanda akijificha chini ya koti kuuliza njia.

"Wewe hesabu hatua," nikamwambia. "Uelekeo ni kazi yangu."

"Sawa, afande."

Kokoto ya arobaini ilipohama mfuko, hapakuwa na korongo. Palikuwa na harufu ya samadi, halafu mbwa. Si mmoja, si wawili. Platuni nzima ikajitupa chini kifudifudi, kama tulivyofundishwa, na mbwa wakazidi kutukaripia. Mlango wa miiba wa boma ukafunguliwa, akatoka mzee na shuka lake, rungu mkononi, akaja moja kwa moja mpaka niliponyooka. Nilijua neno moja tu la Kimaasai, nikalitumia.

"Supai."

"Epa." Akaniangalia kidogo. "Nyie ni wa jeshi."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mmelala kwenye mavi."

Nikainuka. Nikamuuliza korongo la migunga mitatu, akanyoosha rungu kule machweo, mbali, akasema tumelikosa tangu mwanzo. "Wenzenu wako pale, wanaota moto." Na kweli, kilimani kulikuwa na nukta nyekundu, adui naye alikuwa na baridi yake. Bado tunaitazama, mbwa bado wanabweka, nukta ikazimika. Walikuwa wametusikia.

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Tulikimbia na shanta mgongoni, tukafika kumekucha, Mlima Meru umeshajitokeza na mita zake zote 4,566, ukiwa mahali ambapo kwa hesabu zangu za usiku haukupaswa kuwa. Tukashambulia peupe. Mwamuzi alitutangaza marehemu kabla hatujafika nusu ya mteremko.

Baada ya chai mkufunzi akatukalisha nusu duara, akaniita mbele.

"Weka silaha chini. Nenda pale. Soma kaskazini."

Nikasoma, nikaonyesha mkono.

"Sasa chukua silaha. Soma kama ulivyosoma usiku."

Nikaegemeza dira juu ya SMG. Sindano ikageuka taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, ikasimama nyuzi thelathini pembeni. Chuma kilikuwa kimeivuta usiku kucha. Kwa nyuzi thelathini, kilomita nne zinakutupa nje ya njia kilomita mbili na ushee. Kwenye ramani yetu ya 1:50,000 ni sentimita nne tu, upana wa vidole viwili vya mkufunzi, ambavyo vilikuwa vinene. Platuni ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nani alihesabu hatua?"

Kijana wa Kondoa akasimama.

"Njiani uliona dalili yoyote kwamba mmepotea?"

Nilitazama buti zangu.

"Kulikuwa na giza, afande."

Mkufunzi akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena yeye. Nadhani alijua. "Wote wawili. Shanta kichwani, mpaka barabarani na kurudi, mbio."

Tukakimbia. Vumbi la Makuyuni linaingia mpaka kooni, na mfuko wake wa kulia unalia chaka-chaka, chaka-chaka. Tulipokuwa mbali na masikio nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli.

Alikimbia hatua kadhaa kwanza.

"Usiku wa leo zamu ni yangu," akasema. "Na mhesabu hatua ni wewe."

Akaingiza mkono mfukoni, akaanza kunikabidhi kokoto, konzi baada ya konzi, bila kupunguza mwendo.