Sakafu ya juu imenyooka

Wageni wakiona mbao mpya ghorofani kwetu huuliza bei ya mbao. Chini yake, kwenye kazi yenyewe, hakuna anayeuliza.

Nyumba iko Mji Mkongwe, Unguja: duka chini, sisi juu. Chumba cha mbele, mita nne kwa tatu, kilibonyea hadi kabati la bibi likawekewa vipande vya mbao miguuni lisiiname. Jirani akanishauri nimwage zege juu, yaishe. Zege la sentimita tano lina kama kilo 120 kila mita ya mraba. Piga hesabu: karibu tani moja na nusu, na chini yake mtu anauza vitambaa!

Kibali cha watu wa hifadhi ya Mji Mkongwe kilipotoka, fundi akang'oa mbao. Boriti zetu ni za mti wa kuchongwa, si mikoko, na mbili zilikuwa zimeoza ncha zilizozikwa ukutani. Ukuta wa mawe na chokaa ukinywa mvua ya masika, mti uliomo haukauki. Hizo zikabadilishwa. Nyingine zilikuwa nzima ila zimelegea katikati, zikapigiwa mbao za inchi mbili kwa sita ubavuni, ukingo wa juu ukifuata uzi wa usawa.

Uzi wenyewe aliupata kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoona ndani. Ncha moja kona hii, nyingine kule, maji yakitulia unatia alama. Aliupigapiga mpira kwa kidole mpaka povu la mwisho likatoka, maana hewa ikibaki kipimo ni uongo. Akaanzia kona iliyo juu kuliko zote, kwingine kukapandishwa kuifikia, kwa kuwa kuchonga boriti kongwe ni kuipunguzia nguvu. Tofauti ya kimo kati ya kona hiyo na katikati ya chumba: sentimita nne na nusu.

Mvule ulinishinda bei, nikachukua msonobari uliotiwa dawa. Mbao zililazwa chumbani kwanza zizoee hewa, kisha zikafungwa kwa skrubu, si misumari, ili siku nikishuku mchwa nizifungue. Kando ya ukuta pana mwanya wa upana wa kidole, mbao zikivimba zipate pa kwenda.

Mlango ilibidi ukatwe chini. Na kidato cha mwisho cha ngazi sasa kimezidi wenzake urefu, bibi keshajikwaa na keshasema. Fundi anarudi Jumamosi kupandisha vidato vya juu kidogo kidogo, tofauti igawanyike.