Joho la Docilianus na cherehani ya Bibi

Mwalimu alitugawia picha za kibamba cha madini ya risasi akatuambia tukisome. Nilikuwa na miezi mitatu Uingereza, nasoma akiolojia ya Kirumi. Tulishapita kwenye hirizi za kinga, kama ile bulla waliyovalishwa watoto wa kiume shingoni mpaka wakue. Hiki kilikuwa kitu kingine.

Kilitoka mji wa Bath, kwenye chemchemi ya maji moto ya mungu wa kike Sulis Minerva. Wachimbaji wa mwanaakiolojia Barry Cunliffe walivitoa humo vibamba kama 130 mwaka 1979 na 1980, na Roger Tomlin ndiye aliyekaa akavisoma. Aliyeibiwa alikwaruza shauri lake kwa ncha ya chuma, akakikunja kibamba, akakitupa majini. Kwenye picha yangu, iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, mikwaruzo ilionekana kama nyayo za kaa mchangani. Nilikwenda herufi kwa herufi, kwa Kilatini: si vir si femina, si servus si liber. Awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mwungwana. Docilianus kaibiwa joho lake lenye kofia. Anamwomba Sulis amuue mwizi, amnyime usingizi na watoto, mpaka atakapolileta joho hekaluni.

Kwenye hiyo “mpaka” nikaweka kalamu chini.

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Tanga, cherehani ya Bibi iliibwa. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Bibi hakumtaja mtu. Alimtuma mjomba apite mtaa mzima atangaze kwamba Ijumaa baada ya Isha itasomwa Halbadiri. Mama akamwuliza kwa nini isisomwe usiku uleule.

“Mwanangu, mimi nataka cherehani, sitaki maiti.”

Alhamisi alfajiri tuliikuta barazani, imefunikwa gunia.

Vitabu huviita vibamba vya laana, na jina hilo linanikera mpaka leo. Docilianus alikuwa mtu aliyeibiwa, hana wa kumshtakia ila Sulis, na mlango wa kurudisha alimwachia mwizi wazi.

Nikanyoosha mkono, nikawasimulia. Sauti ilinitetemeka. Mwalimu akaniomba nirudie maneno ya Bibi kwa lugha yake mwenyewe, kisha akanipa chaki. Niliyaandika ubaoni kwa Kiswahili, chini ya Kilatini cha Docilianus.