Udi Ulinidanganya

Jumatatu niliamka koo linawasha kama nimemeza mchanga. Kufika adhuhuri napiga chafya mfululizo, kamasi hazina breki. Bibi akanitazama mara moja tu, akatoa hukumu: "Ni kusi hiyo, mwanangu. Chemsha tangawizi." Kwa bibi, maradhi yote ya pua huletwa na upepo, na kusi imeanza kweli kupiga hapa Lamu. Ningebishana naye vipi?

Ila mimi nina kipimo changu. Korona iliponipata mara ya kwanza, 2020, niliijua kwa chetezo. Nimekishika mkononi, moshi wa udi unanichoma macho, puani hamna kitu. Wala pua haikuwa imeziba. Ilikuwa kama kuingia nyumba uliyozaliwa ukakuta wenyewe wamehama. Tangu siku ile, nikikohoa tu nakimbilia mkaa na udi.

Basi Jumatatu nikafukiza. Harufu ikaja, hafifu kwa sababu ya kamasi, lakini ikaja. Mafua tu, nikasema. Usiku nikala na bibi sinia moja kama kawaida, na Jumanne vilevile.

Jumatano nikashindwa kuinuka. Mifupa yauma, hata kope zauma, na homa juu. Nasema homa ya joto la mwili, maana huku kwetu chafya ni homa, malaria ni homa, mtu hataki kwenda kazini naye ana homa. Mafua ya kawaida ni nadra kumchoma mtu mzima hivyo. Nikamtuma mdogo wangu duka la dawa akaniletee kipimo cha korona. Pamba puani, matone matatu, dakika 15 za kukodoa macho. Mstari wa kwanza ukajitokeza upesi. Wa pili ukaja polepole, mwembamba kama uzi wa kofia, lakini upo: ni korona.

Nikampigia muuza dawa kumwuliza: mbona udi nausikia? Akacheka. Tangu Omicron, aina mpya ya korona, iingie mwishoni mwa 2021, akasema, wengi hawapotezi tena harufu. Huwaanza kwa koo na kamasi, mafua matupu ukiyaangalia. Bila kupima hutofautishi. Na hata ungepima Jumatatu, akaongeza, huenda usingeona kitu. Ndiyo maana mtu huambiwa arudie baada ya siku mbili.

Sinia lile ndilo linaninyima usingizi. Bibi amepita miaka 80. Mafua huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, lakini korona yaweza kukaa kimya hata siku 14. Nimehamia chumba cha juu, madirisha wazi, barakoa nikishuka chooni. Kila asubuhi natega sikio nisikie kama anakohoa.

Leo Jumamosi. Amegonga ngazi kwa bakora yake, ameacha kikombe cha tangawizi kwenye kidato cha tatu, akapaza sauti toka chini: "Kusi hiyo! Nyinyi hamjui pepo."