Kumbukumbu ya mizani ya theluji: kilo 36 zilizokuwa zinaning'inia

Leo asubuhi mizani imesema 171, bomba (lile ninalolididimiza kwenye theluji kisha napima uzito wa kilichobaki ndani) limesema 174. Nimerudia bomba mara tatu, sehemu tatu tofauti, nikitafuta sababu ya kutoamini, na sababu sikuipata. Milimita tatu! Wiki tatu zilizopita tofauti ilikuwa milimita 59, na nilikuwa nimeshaanza kuutazama ule ubao kwa jicho la kuni.

Kwa anayeingia katikati: mizani yangu ni ubao wa plaiwudi wa sentimita 80 kwa 80, umelazwa juu ya vihisi vinne vya uzito nilivyovitoa kwenye mizani mbovu ya bafuni, kila kimoja cha kilo 50. Theluji inauangukia, wenyewe unapima. Nagawa kilo kwa 0.64, napata kiasi cha maji kilichofichwa kwenye theluji kwa milimita, maana milimita moja ya maji ni kilo moja kwa kila mita ya mraba. Basi. Mambo ya betri, waya na mikrokontrola (kikompyuta kinachosoma vihisi) mnayajua, tena safari hii hayakunisumbua hata kidogo.

Kipindi chote cha baridi kali mambo yalikwenda vizuri. Theluji kavu, laini kama unga, bomba na mizani vinapishana milimita nne au tano. Kisirani kimeanza baridi ilipoanza kulegea. Mchana jua kali na nyuzi 5 juu ya sifuri, theluji ya juu inageuka tope. Usiku anga halina wingu, nyuzi 8 chini ya sifuri, lile tope linaganda kuwa ukoko unaombeba mtu mzima na viatu vyake. Siku ya nne ya mtindo huo bomba lilisema 210. Mizani ikasema 151. Yaani kuna karibu kilo 38 za theluji ambazo nazitazama kwa macho yangu zimekaa juu ya ubao, na mizani inazikana.

Nikafanya alichofanya kila mmoja wetu siku moja: nikalaumu umeme. Nilidhani vihisi vinadanganywa na baridi. Nikachukua kihisi cha akiba, nikakibebesha jiwe la kilo 20, nikakiacha nje siku tano kuanzia nyuzi 12 chini ya sifuri hadi 6 juu yake. Kikayumba gramu 300 tu. Nikabadilisha kikuza mawimbi, kile kinachokuza umeme mdogo wa vihisi usomeke. Nikalehemu viungo upya, vidole vimekufa ganzi. Nikahamisha waya mbali na betri. Siku tisa zimekwenda hivyo, na kila jioni namba ni ile ile, kama mtu aliyekula kiapo.

Kilichonizindua ni grafu, si akili. Nilikuwa nimezoea kuitazama ya saa nzima nzima, siku hiyo nikaifungua ya dakika kwa dakika. Saa saba na dakika ishirini mchana, jua likiwaka, uzito ulipanda kilo 6 ndani ya dakika moja. Ulipanda! Hakuna theluji iliyoanguka, hakuna paka aliyepita (niliangalia nyayo). Usiku ukarudi ulikotoka. Nikarudi nyuma siku zilizopita: kila mchana wa jua kuna vidaraja vya kupanda, kila usiku wa baridi kuna mteremko. Mizani ya theluji inayoongezeka uzito theluji ikiyeyuka.

Kesho yake alfajiri nilipiga magoti kwenye theluji na msumeno wa mbao mkononi. Nikauchomeka kwenye ukingo wa ubao nikaanza kukata, simu nimeiegemeza kwenye ndoo niione namba. Kabla ya kukata, kilo 97. Upande wa kwanza ukaisha, 104. Wa pili, 112. Katikati ya upande wa tatu nikasikia kitu kimekatika ndani, sauti ndogo kavu, kama kijiti, na namba ikaruka hadi 125 mbele ya macho yangu. Upande wa nne, 133. Gawa kwa 0.64, unapata 208. Bomba asubuhi hiyo: 210, kwa kuwa baridi ilikuwa imerudi na hakuna kilichotoka.

Jirani alipita njia, akasimama, akanitazama natoa machozi na msumeno kwenye theluji. "Fundi, hiyo mbao gani?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kwa hiyo kilo 36 hazikupotea. Zilikuwa zinaning'inia. Theluji ya mwisho wa baridi si mchanga uliomwagwa, ni matabaka, na kila tabaka lililoyeyuka likaganda upya linakuwa ubao wa barafu uliounganika na majirani zake pande zote. Theluji iliyo juu ya mizani yangu ilishikwa mabegani na theluji ya pembeni, nayo mizani ikabaki kupima miguu tu. Jua likilegeza ukoko mchana, mzigo unashuka kwenye ubao kwa vishindo, na hivyo ndivyo vile vidaraja. Tena hulipa deni upande wa pili: kuna jioni moja mizani ilizidi bomba kwa kilo 12, kwa sababu ardhi ya pembeni ilikuwa imelamba theluji kwa chini, na ile ya pembeni ikaja kuegemea kwangu.

Dawa inayojulikana ni kuuzungushia ubao unaopima mbao nyingine bubu zisizopima, ili mpaka kati ya theluji ya mizani na ya ardhi usogezwe mbali. Sawa. Lakini mbao hizo huwekwa kabla theluji haijaanguka, na mimi nina sentimita 60 zimeshalala. Kukata kila alfajiri nako hakufai. Ule mfereji wa msumeno unaacha jua na upepo viingie ubavuni, na baada ya siku mbili nguzo yangu ya theluji ilikuwa imeanza kukonda kuliko wenzake.

Nikajaribu karatasi ngumu za plastiki, nikazisukuma ndani ya mfereji ziwe ukuta. Za kwanza zilikuwa nyeusi kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Ujinga mtupu. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua, plastiki nyeusi hairudishi karibu kitu, na kufikia saa nane mchana kila karatasi ilikuwa imejichimbia uwazi wa vidole viwili. Nikaweka nyeupe. Usiku maji yakaingia, yakaganda, karatasi ikawa gundi badala ya ukuta, mizani ikaanza tena kukana. Jaribio la tatu ndilo lililosimama: karatasi mbili nyeupe mgongo kwa mgongo, grisi katikati, moja inashikamana na theluji ya ndani, nyingine na ya nje, na zenyewe zinateleza. Juu nafunika kwa theluji ya kulegea kila jioni. Leo ni siku ya sita. 171 kwa 174.

Sasa niseme la moyoni kuhusu vifaa. Vihisi vya mizani ya bafuni ni vizuri kwa wiki chache, lakini ukivibebesha kilo 100 miezi mitatu mfululizo vinachoka polepole, sifuri inahama, na hutajua mpaka uondoe mzigo. Bila bomba la kuhakikishia usijisumbue. Bomba langu ni la plastiki, kipenyo cha ndani sentimita 10, mdomo nimeutia meno kwa tupa. Unalididimiza hadi ardhini, unalitoa, ukiona kipande cha udongo chini unajua umefika, unakikwangua, unapima. Siku ya 210 nguzo ya theluji ndani yake ilikuwa kilo 1.65. Liwekwe kivulini kabla ya kazi, maana bomba lililoota jua linayeyusha theluji mlangoni kisha linaigandisha ndani, na hapo utaligonga mpaka lipasuke. James Church, aliyekuwa profesa wa lugha za kale huko Nevada, mwanzoni mwa karne ya 20 alipima theluji ya Mount Rose kwa bomba na mizani, akabashiri kwa vipimo hivyo maji ya Ziwa Tahoe yatapanda kiasi gani. Mwalimu wa Kilatini, bila betri. Huwa namkumbuka kila programu inapokwama.

Mizani iliponyooka nikaona jambo ambalo kamba ya kupimia kina ingenificha. Siku za kwanza za joto kina kilishuka kutoka sentimita 68 hadi 57. Ukichungulia dirishani utaapa theluji inaisha. Uzito? Nilipoondoa makosa ya kuning'inia, hakuna kilichotoka. Maji ya juu yalichuruzika ndani, yakakutana na theluji ya katikati iliyokuwa nyuzi 4 chini ya sifuri, yakaganda humo humo, na joto lake likabaki humo. Theluji ilikuwa inajikunja, haiondoki. Nina fimbo yenye vipimajoto vitano vilivyopangwa kuanzia ardhini kwenda juu (vyote nilivipima kwanza kwenye ndoo ya tope la theluji, maana vinatofautiana hadi nusu nyuzi na hapa nusu nyuzi ndiyo habari yenyewe). Vilianza kusogea kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini. Alasiri moja vyote vitano vikasoma sifuri kamili. Theluji imeiva. Jioni hiyo hiyo uzito ukaanza kushuka.

Kuivisha ni rahisi, kuyeyusha ndiko kuna gharama. Kilo moja ya barafu kuipandisha nyuzi moja inataka kilojuli 2.1 hivi. Kilo hiyo hiyo ikiwa tayari iko sifuri, kuigeuza maji inataka 334. Ndiyo maana inaonekana kama imegoma.

Na mvua, jamani. Nilidhani mvua ndiyo muuaji. Usiku wa mvua tulipata milimita 10 kwenye nyuzi 5, na nikipiga hesabu, joto lililobebwa na maji hayo yote haliyeyushi hata milimita moja. Lakini nilipoitoa mvua yenyewe kwenye hesabu, theluji ilikuwa imepungua milimita 9. Aliyefanya kazi ni upepo uliokuja na unyevu. Mvuke ukigusa theluji unageuka maji, na kila gramu inayogeuka hivyo inaachia joto la kuyeyusha gramu saba na ushee. Tangu hapo naangalia unyevunyevu kabla ya kuangalia jua.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kufunga kihisi cha kina, kile cha kupiga sauti na kusikiliza mwangwi. Nilishaandika hata mistari ya kurekebisha mwendo wa sauti, kwa kuwa unabadilika kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi, na bila marekebisho hayo theluji inakua na kupungua yenyewe mchana na usiku.

Halafu juzi, saa kumi na nusu alasiri, nimeinama kupaka grisi, nikasikia tik. Ule mpira mwembamba nilioufunga chini ya ubao wakati wa kipupwe, ili maji yasiguse vihisi, ulikuwa unadondosha. Tik, tone moja kila sekunde nane. Nikatia kopo chini yake. Kufikia saa kumi na mbili yakawa mawili kwa sekunde, na baada ya jua kuzama yaliendelea kwa karibu saa tatu, maana maji ya mchana huchukua muda wake kupita kwenye sentimita 50 za theluji. Uso wa theluji ulikuwa umeshakuwa mgumu kwa barafu, chini bado kunatiririka. Nilikaa pale na tochi mpaka matone yakakatika.

Kwa hiyo kihisi cha kina kimerudi sandukuni. Nimebandika kisahani cha pieso (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) chini ya kopo, kila tone linaacha alama kwenye rekodi. Tatizo la sasa: kopo likianza kujaa, tone halipigi bati tena, linapiga maji, na mlio unazama. Nimelitoboa chini. Sasa nasikia matone ya kopo.