Kotagiri, mji mtulivu wa milima ya Nilgiri

Wageni wengi wanaozuru milima ya Nilgiri, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, huelekea mji wa Ooty, mara nyingi kwa treni ya mlimani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Mimi nilipofika Mettupalayam, chini ya mlima, nilipanda basi la Kotagiri, mji ambao reli haikuufikia, na naamini hilo limechangia sana kuuhifadhi utulivu wake. Barabara hupanda kwa kona kali kwa zaidi ya kilomita 30, mipopoo ikibaki nyuma, hadi kufikia mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mchana mtu huhitaji sweta.

Mashamba ya chai yamefunika miteremko mingi na yanapendeza kuyatazama. Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni Longwood Shola, kipande cha msitu wa asili kilichosalia karibu na mji. Shola ni misitu ya miti mifupi iliyosongamana mabondeni, na huko juu vilimani hutanda nyasi. Ndani yake kuna giza na ubaridi hata jua likiwaka, na magome ya miti yamevikwa mimea midogo ya kijani iliyolowa kama sifongo. Nilipoibonyeza kwa kidole, maji yalitiririka hadi kwenye kiganja. Hivyo ndivyo msitu unavyofanya kazi: huinyonya mvua ya masika, kisha huiachia polepole kwenye vijito ambavyo vijiji vya chini huvitegemea kwa maji ya kunywa. Tangu enzi za Waingereza, sehemu kubwa ya shola na nyasi za Nilgiri imefyekwa ili kupanda chai, mikaratusi na miwati, na ndiyo sababu kipande hiki kidogo kinastahili heshima kuliko mandhari yoyote ya kupigia picha.

Huko Kannerimukku, nje kidogo ya mji, ipo pia nyumba ya John Sullivan, ofisa Mwingereza aliyeijenga mwaka 1819. Inatosha kuipitia kwa muda mfupi.

Anayekwenda kwa gari binafsi aombe kibali cha kuingia wilaya ya Nilgiri kupitia intaneti kabla ya safari, na asibebe chupa za plastiki za kutumia mara moja, kwa kuwa zimepigwa marufuku. Kwenye njia za mashamba, hasa alfajiri na jioni, asiwasogelee gaur, ng'ombe mwitu wakubwa wanaojilisha kando ya michai.